Siku hazijumlishwi, kinachojumlishwa ni kazi

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaosumbuliwa na hesabu za watu wawili au zaidi wanaofanya kazi moja kwa pamoja waniandikie, nikidhani nitapata barua mbili au tatu za wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani. Zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi hazikutoka kwa wanafunzi kabisa bali kwa watu wazima wenye ugomvi wa fedha. Nimechagua saba. Maneno nimeyafupisha, lakini namba sikuzigusa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la saba alirudi nyumbani na swali hili: mama hupalilia shamba la viazi kwa siku 10, na binti yake hulipalilia shamba hilohilo kwa siku 15, wakipalilia pamoja watatumia siku ngapi? Mtoto alijumlisha 10 na 15, akagawanya kwa 2, akaandika siku 12 na nusu, akapata kosa. Mimi nilimwambia jibu ni 25, tukabishana hadi ugali ukapoa. Nani kati yetu amekosea?
Mzazi, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba. Mmekosea nyote wawili, ingawa kosa la mtoto ni jepesi kuliko lako. Kabla ya kushika kalamu, lione kwanza shamba lenyewe. Mama akiwa peke yake anamaliza kwa siku 10, na sasa binti ameingia na jembe lake kumsaidia. Msaada huo unawezaje kuzifanya siku 10 ziwe 12 na nusu, seuze 25? Ingewezekana tu iwapo binti angekuwa anamfuata mama yake nyuma akirudishia magugu aliyokwisha kuyang'oa. Kwa hiyo, hata kabla ya kufanya hesabu yoyote, jibu lolote linalozidi 10 litupwe.

Macho yenu yamevutwa na namba zilizoandikwa, yaani siku, mkazijumlisha, ilhali siku za watu hawa wawili hazifuatani. Zinakwenda sambamba, jua lilelile likiwachoma wote. Kinachojumlishwa ni kazi ambayo kila mmoja anaifanya katika siku moja. Mwambie mtoto achore shamba lenye matuta 30. Mama anayapalilia matuta 30 kwa siku 10, basi kila siku anapalilia matuta 3. Binti anayapalilia kwa siku 15, basi kila siku anapalilia matuta 2. Wakiwa pamoja, jua linapozama matuta 5 yamekwisha. Matuta 30 ukiyagawanya kwa 5 unapata siku 6, na hilo ndilo jibu.

Mtoto atauliza matuta 30 yametoka wapi, na ni vizuri aulize. Hiyo ni KDS ya 10 na 15, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki. Swali halikutaja matuta, na ndiyo maana tuna uhuru wa kuyataja tunavyotaka: ukisema shamba lina matuta 60, mama atapalilia 6 kwa siku na binti 4, jumla 10, na siku zitabaki 6 vilevile. Nimewaona watoto wanaoziogopa sehemu kama wanavyomwogopa nyoka wakizipita hesabu hizi kwa njia ya matuta bila kutetereka, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza na sehemu kwa mtoto ambaye bado hajaona kinachotendeka.

Akishazoea, ndipo aiandike kama kitabu chake kinavyotaka. Shamba zima ni 1. Mama kwa siku moja hufanya 1/10 ya kazi na binti hufanya 1/15. Ukitafuta asili moja unapata 3/30 na 2/30, jumla 5/30, ambayo ni 1/6. Hapa ndipo wengi huteleza mara ya pili: wanaona 1/6, wanafurahi kwamba kazi imekwisha, wanaandika "siku 1/6". Hiyo 1/6 si siku, ni sehemu ya shamba iliyopaliliwa katika siku moja. Ikiwa kila siku wanamaliza sehemu moja katika sita, wanahitaji siku sita.

Kuna njia ndogo ya kulipima jibu ambayo sijui kwa nini haifundishwi mapema. Wangekuwa wawili wote wenye kasi ya mama, wangemaliza kwa siku 5. Wangekuwa wawili wote wenye kasi ya binti, wangemaliza kwa siku 7 na nusu. Kwa kuwa mmoja ni mwepesi na mwingine ni mzito, jibu halina budi kuwa kati ya 5 na 7 na nusu. Likiwa nje ya hapo, rudi nyuma ukatafute kosa.

SWALI: Mwalimu, kaka yangu alinifundisha njia ya mkato: zidisha muda wa wale watu wawili, kisha gawanya kwa jumla ya muda wao. Haijawahi kuniangusha. Lakini nilipewa swali la watu watatu wanaopakia mbao kwenye lori, ambapo wa kwanza akiwa peke yake hutumia saa 6, wa pili saa 8 na wa tatu saa 12. Nilizidisha zote tatu nikapata 576, nikagawanya kwa 26, jibu likazidi saa 22. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mafinga

JIBU: Ukiwa Mafinga, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, huhitaji kitabu ili kuliona lori linalopakia mbao. Nenda kasimame kando ya moja halafu ujiulize kama watu watatu wanaweza kutumia saa 22 kwa kazi ambayo hata aliye mzito kuliko wote anaimaliza kwa saa 12.

Njia ya kaka yako ni sahihi, ila umepewa tunda bila kuonyeshwa mti. Chukua ule muda wa siku 10 na 15 katika barua ya Uyole. Ukijumlisha 1/10 na 1/15 kwa kutumia asili 150, kiasi kinakuwa 15 na 10, yaani 25/150. Ukiigeuza inakuwa 150/25, ambayo ni 6. Kumbe ile "jumla" unayogawanyia haikuwekwa pale kwa sababu ni jumla ya muda. Ilijitokeza yenyewe tulipokuwa tunasawazisha asili za sehemu mbili. Zikiwa sehemu tatu, kinachojitokeza ni kitu kingine. Asili ni 6 mara 8 mara 12, yaani 576, lakini viasi vinakuwa 8 mara 12, 6 mara 12 na 6 mara 8, yaani 96, 72 na 48, ambavyo jumla yake ni 216. Gawanya 576 kwa 216 utapata 2 na theluthi mbili, yaani saa 2 na dakika 40.

Kosa lako lingeweza kujulikana hata bila kumaliza hesabu. Ulizidisha saa kwa saa kwa saa, ukagawanya kwa saa, na kilichobaki ni saa mara saa, kitu ambacho hakuna saa ya ukutani inayoweza kukionyesha. Katika njia ya watu wawili unazidisha saa kwa saa na kugawanya kwa saa, kwa hiyo kinachobaki ni saa. Katika njia sahihi ya watatu, juu una saa tatu zilizozidishwa na chini una mbili, na kinachobaki tena ni saa.

Kama bado unaipenda njia ya mkato, itumie mara mbili. Waunganishe wawili wa kwanza: 48 gawanya kwa 14, unapata 24/7. Sasa hao wawili wachukulie kama mtu mmoja anayetumia saa 24/7, umuunganishe na yule wa saa 12. Jibu litakuwa lilelile. Mimi ningefanya kama kule shambani: lori lina mafungu 24 ya mbao, wa kwanza hupakia 4 kwa saa, wa pili 3, wa tatu 2, jumla 9, na 24 gawanya kwa 9 ni 2 na theluthi mbili. Mistari mitatu inatosha.

Njia hii haikatai idadi yoyote. Wachina wa kale, takriban miaka 2,000 iliyopita, walikuwa na swali la bwawa linalojazwa na mifereji mitano: wa kwanza hulijaza kwa theluthi ya siku, wa pili kwa siku 1, wa tatu kwa siku 2 na nusu, wa nne kwa siku 3, wa tano kwa siku 5. Jibu lao ni 15/74 ya siku, yaani muda usiofika saa 5. Jaribu mwenyewe, ukianza na kujiuliza kila mfereji ungejaza mabwawa mangapi kwa siku moja. Wa kwanza, kwa mfano, ungejaza matatu.

SWALI: Mwalimu, kitabu cha mdogo wangu kina swali la tangi ambalo bomba hulijaza kwa saa 4 na koki iliyo chini hulimwaga lote kwa saa 6. Vyote viwili vimefunguliwa kwa pamoja. Mdogo wangu amejumlisha 1/4 na 1/6. Najua tunatakiwa kutoa, lakini nimeshindwa kumweleza sababu. Tena, ni nani huyo anayejaza tangi huku koki iko wazi?
Dada mtu, Tukuyu

JIBU: Nilipokuwa nafundisha, niliulizwa swali lako la pili kila mwaka, na jibu langu lilikuwa kwamba kila nyumba yenye koki mbovu inafanya hivyo usiku na mchana.

Kuhusu la kwanza, mpe tangi ujazo. Liwe la lita 6,000. Bomba linaingiza lita 1,500 kila saa, na koki inatoa lita 1,000 kila saa. Baada ya saa moja, ndani ya tangi mna lita ngapi? Hakuna mtoto atakayesema 2,500, hasa mtoto wa Tukuyu aliyekwisha kuona mvua ikijaza pipa lililotoboka. Zimebaki 500. Kwa mwendo huo lita 6,000 zitahitaji saa 12. Akitaka kwa sehemu, 1/4 toa 1/6 ni 3/12 toa 2/12, yaani 1/12. Bomba na koki havisaidiani, vinashindana, na koki ingekuwa ndiyo yenye kasi zaidi, tangi lisingejaa hata siku moja.

Swali la namna hii likija na mkia, mkia huo nao uheshimiwe. Tuseme mwenye nyumba aligundua baada ya saa 3 kwamba koki iko wazi, akaifunga. Hadi hapo zimeingia lita 1,500 tu. Zimebaki lita 4,500, na bomba sasa linafanya kazi bila mpinzani, kwa hiyo litazijaza kwa saa 3 nyingine. Jumla ni saa 6. Mtoto anayekariri kanuni hukwama hapa kwa sababu hakuna kanuni ya mtu aliyechelewa kufunga koki.

Yapo pia ambayo kitabu kimeyanyamazia. Koki halisi haitoi maji kwa kasi moja toka mwanzo hadi mwisho. Mwitaliano Torricelli, katika karne ya 17, alionyesha kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hutegemea kina cha maji yaliyo juu yake, kwa kipeuo cha pili: kina kikibaki robo, kasi inabaki nusu. Ndiyo maana ndoo iliyotoboka chini huanza kwa kuruka maji na kumalizia kwa kudondosha. Katika mtihani tunakubaliana kwamba koki ina kasi moja, na makubaliano hayo hayana ubaya wowote mradi mtoto ajue kuwa ni makubaliano.

SWALI: Mwalimu, hili langu si la shule. Mimi na jirani yangu tulipatana na mwenye shamba tumvunie viazi vyake vyote kwa Sh. 180,000. Jirani ana nguvu. Shamba kama lile hulimaliza peke yake kwa siku 6, na mimi kwa siku 12, na juu ya hilo hatubishani. Tulivuna pamoja siku 2, kisha akapata msiba akasafiri, nami nikaendelea peke yangu hadi mwisho. Amerudi anataka nusu ya fedha, kwa kuwa eti kazi ilichukuliwa na watu wawili. Mimi nasema tugawane kwa siku: zangu ni 8 na zake ni 2, kwa hiyo anastahili Sh. 36,000. Tufanyeje?
Mkulima, nje kidogo ya mji wa Njombe

JIBU: Kwanza umpe jirani yako pole kutoka kwangu. Pili, nimezikagua siku zako kabla ya kuzungumzia fedha, kwa sababu mtu mwenye madai huweza kuzikunja namba bila kukusudia. Shamba liwe na matuta 12. Jirani huvuna matuta 2 kwa siku na wewe huvuna 1. Kwa siku 2 mlizokuwa pamoja, mlivuna matuta 6, yaani nusu ya shamba. Matuta 6 yaliyobaki, kwa kasi yako ya tuta moja kwa siku, yalihitaji siku 6. Ukijumlisha na zile 2 unapata 8, kama ulivyoandika. Namba zako ni za kweli.

Sasa tazama nani amevuna nini. Jirani alivuna matuta 2 kwa kila siku kati ya siku 2, jumla matuta 4. Wewe ulivuna tuta 1 kwa kila siku kati ya siku 8, jumla matuta 8. Kati ya matuta 12, yake ni theluthi moja na yako ni theluthi mbili. Kwa hiyo kwa kipimo cha kazi jirani anastahili Sh. 60,000 na wewe Sh. 120,000, na kila tuta linakuwa limelipwa Sh. 15,000, awe amelivuna yeye au wewe.

Madai yenu yote mawili yanavunja usawa huo, kila moja kwa upande wake. Akichukua nusu, yaani Sh. 90,000, atakuwa amelipwa Sh. 22,500 kwa kila tuta lake, na wewe Sh. 11,250 kwa kila tuta lako. Mkigawana kwa siku kama unavyotaka, yeye atalipwa Sh. 9,000 kwa kila tuta na wewe Sh. 18,000. Unajiona unamtendea haki kwa sababu kila mmoja atakuwa amepata Sh. 18,000 kwa siku, lakini siku yake moja ni siku zako mbili, na umeliandika hilo mwenyewe kwa mkono wako katika mstari wa tatu wa barua. Mwenye shamba hakununua siku. Alinunua viazi vitoke ardhini.

Ninakuomba pia ufikirie ambavyo ingekuwa kama msiba usingetokea. Kwa matuta 3 kila siku mngemaliza shamba kwa siku 4, yeye akiwa amevuna matuta 8 na wewe 4, na mgawo ungekuwa kinyume kabisa: yeye Sh. 120,000 na wewe Sh. 60,000. Je, ungekubali siku hiyo kugawana kwa kazi, au ungesema tugawane kwa siku kwa kuwa wote tumefanya siku 4? Jiulize hilo kabla hujakwenda kuzungumza naye, maana huenda naye atakuuliza.

Kuna jambo moja ambalo hesabu yangu haiwezi kuligusa. Kama tangu mwanzo mlikubaliana kwamba kila mmoja atachukua nusu bila kujali amevuna kiasi gani, basi mapatano ndiyo yanayotawala na mimi sina neno. Barua yako haikutaja mapatano ya namna hiyo. Na kama unataka kumwongezea kitu kwa ajili ya msiba, mwongezee, lakini kiwe juu ya zile Sh. 60,000 na mjue wote wawili kwamba hiyo ni rambirambi wala si ujira, ili mwaka ujao asije akaifanya kuwa desturi.

SWALI: Mwalimu, watu 8 walikadiriwa kumaliza kuchuma kahawa yetu kwa siku 15. Baada ya siku 5 nimeongeza watu 2. Zimebaki siku ngapi? Na je, ningeleta watu 120 tangu mwanzo wangemaliza kwa siku moja?
Msimamizi wa shamba, Mbozi

JIBU: Hapa tunachukulia kwamba wachumaji wana kasi moja. Kazi nzima ni 8 mara 15, sawa na siku 120 za mtu mmoja. Siku 5 za mwanzo zimekula 40, zimebaki 80, na watu 10 watazimaliza kwa siku 8. Jumla ni siku 13.

La pili, karatasi inasema ndiyo na mti wa kahawa unasema hapana. Kahawa haiivi yote kwa siku moja. Tawi hilohilo lina tunda jekundu na tunda la kijani, na mchumaji mzuri hurudi kwenye mti uleule zaidi ya mara moja katika msimu. Watu 120 wakiingia kwa pamoja watachuma mbichi na mbivu, na utaulipa uharibifu wa kahawa yako kwa fedha yako mwenyewe. Hesabu za watu na siku hufaa pale tu ambapo mtu mmoja zaidi anaweza kweli kuongeza kazi ya mtu mmoja.

SWALI: Mwalimu, basi linatoka Mbeya kwenda Iringa kwa saa 6, na lori linatoka Iringa kuja Mbeya kwa njia hiyohiyo kwa saa 9. Yote yanaondoka saa 12:00 asubuhi. Yatapishana saa ngapi? Swali halikutoa umbali, nami nadhani limekosewa.
Msomaji, Makambako

JIBU: Halijakosewa, na hukuhitaji umbali. Barabara ndiyo shamba, basi na lori ni wapaliliaji wawili walioanza kila mmoja kwenye ncha yake, na wanapokutana barabara yote imekwisha. Kwa saa moja basi linamaliza 1/6 na lori 1/9, jumla 3/18 na 2/18, yaani 5/18. Muda wao ni saa 18/5, ambazo ni saa 3 na dakika 36, kwa hiyo yatapishana saa 3:36 asubuhi. Basi litakuwa limemaliza 6/10 ya njia na lori 4/10. Hayo ni kwa sharti kwamba kila moja linakwenda kwa kasi isiyobadilika, sharti ambalo dereva wa lori lililojaa akiwa mlimani hawezi kulitimiza.

SWALI: Mwalimu, mashine mbili za kusaga zikifanya kazi pamoja humaliza shehena ya mahindi kwa saa 6. Ile ya zamani ikiwa peke yake hutumia saa 5 zaidi ya ile mpya ikiwa peke yake. Kila moja hutumia saa ngapi? Nilipata majibu mawili, 10 na −3. Mwalimu wetu alisema nilitupe la pili kwa kuwa hakuna muda hasi. Nimelitupa, lakini limebaki kichwani. Kwa nini hesabu itoe jibu ambalo halipo?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Iringa mjini

JIBU: Kazi yako ni sahihi, na nitaionyesha kwa ajili ya wenzako. Muda wa mashine mpya uwe x, basi wa ile ya zamani ni x + 5, na tunapata 1/x + 1/(x + 5) = 1/6. Zidisha kila upande kwa 6x(x + 5) ili kuondoa asili: 6(x + 5) + 6x = x(x + 5). Fungua mabano na ukusanye, utapata x² − 7x − 30 = 0, ambayo hugawanyika kuwa (x − 10)(x + 3) = 0. Mashine mpya hutumia saa 10 na ya zamani saa 15. Msomaji wa Uyole atazitambua namba hizo, maana ni mama na binti walewale wakiwa wameacha jembe na kununua mashine.

Sasa tuliokote ulilolitupa. Weka −3 mahali pa x. Muda wa ya kwanza unakuwa −3 na wa ya pili unakuwa −3 + 5, yaani 2. Sehemu zinakuwa −1/3 na 1/2. Zijumlishe: −2/6 na 3/6, jumla 1/6. Mlinganyo umetimia bila hila yoyote. Je, mtu anayefanya −1/3 ya kazi kwa saa ni nani? Ni yule anayeirudisha kazi nyuma, na tayari tumekutana naye kwenye barua ya Tukuyu: ni koki. Jibu lako la pili linazungumzia tangi ambalo bomba hulijaza kwa saa 2 huku koki ikilimwaga kwa saa 3, na tangi hilo litajaa kwa saa 6 kamili.

Kwa hiyo mlinganyo haukukupa jibu ambalo halipo. Ulipoandika x, hukuuambia kwamba unazungumzia mashine za kusaga. Uliuambia tu kwamba kuna vitu viwili ambavyo kazi yao kwa pamoja ni 1/6 kwa saa na kwamba namba ya kimoja inazidi ya kingine kwa 5. Ukaleta wote wanaofaa, wenye kusaga na wenye kumwaga. Kumkataa mwenye kumwaga ni kazi yako wewe uliyesoma swali, kwa kuwa mashine haiwezi kuurudisha unga uwe mahindi. Katika karatasi ya mtihani usiache pengo: andika majibu yote mawili, kisha mstari mmoja unaosema kwamba −3 haifai kwa kuwa x ni muda wa kusaga, ndipo uandike saa 10 na saa 15 pamoja na vipimo vyake.